Udogo wa tundu hauongezi miaka ya kuishi, wala hauipunguzi

Kwa Mhariri,

Tupe nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache kuhusu saratani ya utumbo mpana na upasuaji wa matundu, ambao wengi hapa Mombasa wanauita upasuaji wa kamera. Kuna kauli mbili zinazozunguka mjini, hazipatani, na zote mbili zinawaumiza wagonjwa. Ya kwanza ni kwamba saratani ikipigwa na hewa husambaa, kwa hiyo mtu akisikia tumbo litatobolewa na kujazwa gesi, jamaa zake huona heri arudi nyumbani na dawa za mitishamba. Ya pili ni ya matangazo, yanayoiuza njia hii kana kwamba udogo wa kovu ndio dawa yenyewe. Utafiti wa zaidi ya miaka 25 unasema hivi: kwa mgonjwa anayeifaa njia hii, akiwa mikononi mwa mpasuaji aliyeizoea, uwezekano wa kuwa hai baada ya miaka 5 haubadiliki, atobolewe au apasuliwe tumbo wazi. Kinachobadilisha uwezekano huo ni mambo mengine, na ndiyo yasiyoulizwa.

Hofu ya kusambaa haikuzuka bure. Upasuaji wa utumbo mpana kwa matundu ulianza kuripotiwa Marekani mwaka 1991, na baada ya muda mfupi madaktari wakaanza kuona uvimbe wa saratani ukiota kwenye ngozi, palepale chombo kilipopita. Ripoti moja ya mwaka 1994 ilitaja wagonjwa 3 kati ya 14. Ilitisha, na wapasuaji wa Marekani wakakubaliana njia hii isitumike kwa saratani ya utumbo nje ya utafiti. Lakini chanzo hakikuwa hewa. Uvimbe ulikuwa ukibanwa kwa koleo na kupasuka. Kipande kilichokatwa kilikuwa kikivutwa kikavu kupitia tundu jembamba, kikisugua nyama kila upande. Na vyombo vilikuwa vikichomolewa tumbo likiwa bado limejaa gesi, hivyo gesi ikafoka kupitia tundu pamoja na majimaji yenye chembe za saratani. Leo uvimbe haushikwi kabisa. Mpasuaji hushika mafuta yaliyo kando ya utumbo. Mdomo wa jeraha huvishwa mkono wa plastiki kabla kipande hakijatolewa, na gesi huachiliwa taratibu kupitia kilango cha chombo kabla ya chochote kuchomolewa. Mambo matatu madogo. Yakifuatwa, saratani kuota kwenye jeraha hupatikana kwa chini ya mgonjwa 1 katika 100, na kwa waliopasuliwa wazi idadi hukaribia hiyohiyo.

Sasa takwimu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 ulikuwa na wagonjwa 872 katika hospitali 48, waliogawanywa kwa kura. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa 16% ya waliotobolewa na 18% ya waliopasuliwa wazi. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, waliokuwa hai walikuwa 76.4% upande wa matundu na 74.6% upande wa wazi. Ulaya, utafiti ulioanza na wagonjwa 1,248 ulikuta waliokuwa hai bila saratani baada ya miaka 3 ni 74.2% kwa matundu na 76.2% kwa wazi. Australia na New Zealand walipata 77.7% na 76.0% kwa miaka 5. Ukisoma tarakimu hizi kwa pamoja utaona mara upande huu uko juu kidogo, mara upande ule. Tofauti hizo ni ndogo mno kumfanya mtu achague. Utafiti mmoja wa Barcelona wa mwaka 2002, wenye wagonjwa 219, ulidai matundu yanaokoa zaidi, na bado unatajwa na wanaouza njia hii. Wagonjwa haohao walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, faida hiyo haikusimama kitakwimu.

Utafiti wa Japani wa mwaka 2017 ndio tunaotaka msomaji autazame zaidi. Ulikuwa na wagonjwa 1,057, waliokadiriwa kabla ya upasuaji kuwa wa hatua ya pili au ya tatu, ya tatu ikiwa ni saratani iliyofika kwenye tezi za limfu. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa 91.8% kwa matundu na 90.4% kwa wazi. Linganisha na ile 76.4% na 74.6% ya Marekani. Pengo kati ya nchi na nchi ni pointi 15 na zaidi. Pengo kati ya njia na njia halifiki 2. Ni kweli, wagonjwa hawakufanana kwa umri, na Wajapani walianza miaka kumi baadaye dawa zikiwa bora. Hata hivyo huenda sehemu ya pengo hilo imo katika kazi yenyewe: mishipa ya damu iliyofungwa kwenye shina lake, tezi za limfu zilizotolewa zote za eneo lile, na kemo, yaani dawa za kuua saratani, iliyotolewa kwa waliostahili. Anayeuliza “ni tundu au kisu?” ameanza na swali dogo.

Tueleze basi kinachofanyika ndani. Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, tundu la kwanza hutobolewa karibu na kitovu, lenye upana wa milimita 10 hadi 12, na tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi hadi shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo huchaguliwa kwa sababu haishiki moto na huyeyuka upesi katika damu. Inayobaki huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na ndiyo maana mgonjwa huamka akilalamika bega linauma ilhali alipasuliwa tumbo. Maumivu hayo huisha baada ya siku mbili tatu. Kisha huongezwa matundu mengine matatu au manne, meza huinamishwa ili matumbo yajikusanye upande mmoja, na kabla ya kukata chochote kamera huzungushwa kulitazama ini na ngozi nyembamba ya ndani ya tumbo kama kuna mbegu za saratani ambazo picha ya CT haikuziona.

Ukataji wenyewe huanzia kwenye mishipa. Mshipa unaolisha sehemu ile hufuatwa mpaka unapochipukia ndipo ufungwe, kwa sababu tezi za limfu zimejipanga kando yake kuanzia kwenye utumbo hadi shinani. Ukifungwa katikati ya njia, tezi za mwisho hubaki ndani ya mgonjwa, na hizo ndizo hatari. Upande wa kushoto, mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo lazima uonekane kwa macho na kusukumwa chini kabla ya kukata. Ukikosewa, mgonjwa huamka na tatizo la pili. Utumbo hukatwa sentimita 5 au zaidi kila upande wa uvimbe. Mwishoni kipande hutolewa kupitia mkato wa sentimita 4 hadi 8. Jamaa huushangaa sana mshono huu, wakidhani wamedanganywa kwa kuwa waliambiwa matundu. Hawakudanganywa: utumbo wenye uvimbe hauwezi kupita kwenye tundu la milimita 12, na kuulazimisha ndiko kulikoleta balaa ya miaka ile ya tisini.

Kasoro moja ya njia hii haina budi kusemwa waziwazi: mpasuaji hapapasi. Katika tumbo lililo wazi, vidole huupata uvimbe mdogo kama gololi hata kama jicho halikuuona. Kwa kamera, utumbo kwa nje huonekana mzima, umetulia, kumbe uvimbe umo ndani. Yametokea, na yameandikwa katika majarida ya udaktari, mgonjwa kukatwa sehemu isiyo na saratani na saratani ikaachwa. Kinga yake ni wino. Anayefanya kolonoskopi, yaani kuukagua utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja, akiukuta uvimbe, adunge wino mweusi wa kaboni kwenye ukuta wa utumbo, sentimita chache chini ya uvimbe, yaani upande wa kuelekea njia ya haja, sehemu tatu kuuzunguka mviringo wote, maana sehemu moja pekee inaweza kuangukia nyuma ambako kamera ya tumboni haifiki. Atangulize kiputo cha maji ya chumvi chini ya utando kisha wino uingie humo. Sindano ikipenya ukuta wote, wino humwagika tumboni na kila kitu kikawa cheusi. Na aandike kwenye ripoti kwamba wino umewekwa chini ya uvimbe, si juu yake. Kuandika “uvimbe uko sentimita 60 kutoka njia ya haja” hakumsaidii mpasuaji, kwa kuwa mpira wa kamera hujikunja ndani na sentimita hizo zinaweza kuangukia popote. Uvimbe ulio mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana hauhitaji wino. Tundu la kidole tumbo na vali ya utumbo mwembamba vinatosha kuutambulisha. Uvimbe wa kwingineko unauhitaji. Mgonjwa anayepelekwa kwenye upasuaji wa kamera na ripoti isiyo na neno kuhusu wino ana haki ya kuuliza.

Vifaa navyo vina tabia zake, hasa katika mji wetu wa joto na unyevu. Kioo cha kamera kikiingia tumboni kikiwa baridi hushika ukungu papo hapo, na ndiyo sababu utaiona thamosi ya maji ya moto yaliyotakaswa kando ya meza. Isipokuwepo, mpasuaji atakuwa akifuta kioo kila baada ya dakika chache. Mtungi wa gesi ukiisha mshipa ukiwa wazi, tumbo hunywea na kamera haioni tena, kwa hiyo mtungi wa akiba huwekwa chumbani, si stoo. Umeme ukikatika, hata jenereta ikiwa tayari, skrini huzimika mpaka mashine iwake upya, labda pawe na betri ya akiba kati yake na ukuta. Visu vya umeme vilivyotengenezwa vitumike mara moja, vikirudiwa mara nyingi huchoma bila kuziba, na damu huanza kuvuja saa kadhaa baada ya mgonjwa kurudi wodini. Hospitali isiyoweza kutimiza haya hainyimi mgonjwa wake kitu ikimpasua wazi. Tena humtoa chumba cha upasuaji mapema: katika utafiti wa Marekani upasuaji wa wazi ulichukua dakika 95 na wa matundu 150.

Wapo ambao njia hii haiwafai, au haiwafai leo. Tafiti zote tulizotaja ziliwachagua wagonjwa. Waliokuja utumbo umeziba, wale ambao utumbo umetoboka, na wale ambao uvimbe umeng'ang'ania kiungo kingine, kwa kiasi kikubwa hawakuhesabiwa humo. Kwa hiyo zile asilimia hazimhusu mgonjwa aliyevushwa feri ya Likoni usiku, tumbo limevimba kama ngoma na hajatoa hata upepo kwa siku nne. Utumbo uliojaa namna ile una ukuta mwembamba, ukibanwa kwa koleo hupasuka, na kwenye tumbo hakuna nafasi ya kamera kuona. Huyo aokolewe kwanza. Mara nyingi hutengenezewa njia ya choo tumboni, na saratani hushughulikiwa akishapata nguvu au palepale kwa upasuaji wa wazi.

Pia kuna suala la kugeuza njia katikati ya kazi. Katika utafiti wa Marekani, wagonjwa 21 katika kila 100 walioanzishwa kwa matundu walimaliziwa kwa kisu. Uingereza, ambako saratani ya puru, yaani ya mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja, nayo ilihesabiwa, walikuwa 29. Uingereza waliogeuzwa walipata matatizo zaidi, kwa sehemu kwa sababu saratani zao zilikuwa ngumu tangu mwanzo. Lakini wakati wa kugeuza nao una uzito wake. Mpasuaji anayeona katika nusu saa ya kwanza kwamba uvimbe umeganda na kufungua, hafanani na anayeng'ang'ania saa tatu hadi damu imlazimishe. Jamaa wasiichukulie habari ya kufunguliwa tumbo kuwa ni kushindwa. Mpasuaji anayejigamba kwamba hajawahi kugeuza, basi ama hajafanya wengi, ama haisemi kweli yote.

Tuseme kwa kupita tu: majibu haya ni ya utumbo mpana, yasichukuliwe kuwa ya saratani nyingine. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kinyume kabisa. Wanawake waliotolewa kizazi kwa matundu walirudiwa na saratani na kufa zaidi ya waliopasuliwa wazi. Saratani ya puru, iliyo chini kabisa ndani ya nyonga, nayo ina mabishano yake. Tafiti mbili za mwaka 2015 hazikuweza kuthibitisha kwamba kipande kinachotolewa kwa matundu ni safi sawasawa na kile cha wazi. Anayekwambia kamera ni bora kwa kila kitu anauza kamera.

Kipande kikishatoka mwilini watu hupumua, na hapo ndipo hapa kwetu mambo huharibika kimyakimya. Hatua ya saratani hujulikana maabara, na maabara inataka angalau tezi 12 za limfu kutoka kwenye kipande hicho. Nyingi hazifiki milimita 5 na zimezama kwenye mafuta, zinatafutwa kwa vidole na subira. Zikipatikana 6 tu na zote zikawa safi, mgonjwa huandikiwa hatua ya pili na kuruhusiwa aende zake, na huenda ya saba, iliyobaki kwenye mafuta, ndiyo iliyokuwa na saratani na angekuwa hatua ya tatu anayehitaji kemo. Tezi zikipungua 12, mtaalamu wa patholojia aombwe kuyarudia mafuta yale kabla hayajatupwa. Mara nyingi huzipata.

Nazo hazipatikani katika nyama iliyooza. Kipande kinahitaji fomalini ya 10%, yaani sehemu 1 ya fomalini kali kwa sehemu 9 za maji, na ujazo wake uwe mara 10 ya ujazo wa kipande. Hesabu hiyo humaanisha ndoo ya lita kadhaa yenye kifuniko, si chupa ya mayonezi. Fomalini hupenya kwa takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo utumbo ukitumbukizwa ukiwa umefungwa ncha zote mbili, nje hukauka na ndani huendelea kuoza. Ufunguliwe kwa urefu, upande usio na uvimbe, uoshwe kinyesi ndipo uzamishwe. Mahali ambapo jamaa hukabidhiwa ndoo waipeleke maabara wenyewe, na hili hutokea, waambiwe waipeleke siku hiyohiyo, isilale ndani ya buti ya gari iliyoegeshwa juani Mwembe Tayari. Lebo iwe na majina mawili, namba ya faili, tarehe na sehemu ya utumbo, na ibandikwe kwenye ndoo yenyewe, kifuniko huhama. Kosa la ndoo halirekebishiki. Mgonjwa hawezi kukatwa mara ya pili ili tezi zihesabiwe.

Siku za wodini ni fupi ukilinganisha na yote haya. Ile ahueni inayosifiwa ipo, ila ni ya kiasi: Marekani ilikuwa siku 5 hospitalini badala ya 6, na dawa kali za maumivu kupungua kwa siku moja. Hatari kubwa ni maungio ya utumbo kuvuja, na hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati ambao kwa upasuaji wa matundu huenda mgonjwa keshafika nyumbani Kisauni au Mtwapa. Dalili si lazima ziwe homa kubwa. Moyo kwenda mbio bila sababu, tumbo linalozidi kujaa badala ya kupungua, kichefuchefu kilichokuwa kimeisha kikarudi, au mtu aliyekuwa akitembea jana na leo hataki kuinuka: arudishwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kliniki ya Jumatatu. Mishono midogo ya nje humdanganya kila mtu kwamba ndani nako kumepona. Kwa sababu hiyo pia asibebe mtungi wa lita 20 kwa wiki 6, hata maji yakikatika mtaa mzima. Ule mshono uliotoa kipande ndio huachia na kuota ngiri. Kuganda kwa damu miguuni hupunguzwa kwa kutembea tangu siku ya kwanza, na wagonjwa wengi wa saratani huhitaji sindano ya kuzuia damu isigande kila siku hadi siku 28, nyingi kati ya hizo zikidungwa nyumbani. Jamaa wanaomzuia asinyanyuke “apate kupumzika” wanamtakia mema, lakini wanamdhuru. Uji na madafu aanze mapema kadiri wodi itakavyomruhusu. Zamani alisubirishwa mpaka atoe upepo, na ilibainika kusubiri huko hakumsaidii.

Baada ya hapo kuna mbio moja ambayo watu hawajui kama imeanza. Mwenye saratani kwenye tezi anatakiwa aanze kemo ndani ya wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2011 uliona kwamba kila wiki 4 za kuchelewa zinaendana na hatari ya kufa kupanda kwa takriban 14%. Hebu tuzihesabu wiki hizo kwa namna zinavyotumika hapa: majibu ya maabara yanaweza kula wiki 3, kliniki ya kwanza ya saratani wiki 2, idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, na foleni ya kitanda wiki nyingine 2, kisha mgonjwa anataka aende kwanza Kwale akasalimie wazee. Nane zimekwisha. Faida yote ya kovu dogo, yaani kupona upesi ili dawa ianze upesi, imepotelea mezani. Wodi ingeweza kuandika tarehe ya kliniki ya saratani kwenye karatasi ya ruhusa siku anapotoka, bila kungoja majibu, na makaratasi ya SHA yakaanza siku hiyo.

Dawa zenyewe kwa hatua ya tatu kwa kawaida ni oksaliplatini pamoja na fluorourasili au vidonge vya kapesitabini, kwa miezi 3 au 6 kulingana na ukali wa saratani. Oksaliplatini ina kero ambayo Mombasa huwapata watu bila taarifa: kwa siku kadhaa baada ya dripu, kitu baridi huleta ganzi ya vidole na koo kubana mtu akadhani anakabwa. Maji ya friji, juisi ya ukwaju yenye barafu, hata kushika chupa iliyotoka kwenye jokofu, vyote viwekwe kando kipindi hicho. Kapesitabini humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula, asubuhi na jioni, siku 14 kati ya 21. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema, kwani kuharisha kwa dawa hii kukichanganyika na kukosa maji mchana kutwa huharibu figo.

Ufuatiliaji ni wa miaka 5. Kipimo cha damu cha CEA, alama inayoweza kupanda saratani ikirudi, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi 6. Picha ya CT ya kifua na tumbo kila miezi 6 hadi 12. Kolonoskopi mwaka 1 baada ya upasuaji, na ikiwa safi, baada ya miaka 3 tena. Ambaye hakukaguliwa utumbo wote kabla ya upasuaji kwa kuwa ulikuwa umeziba, kolonoskopi yake isingoje mwaka. Ndani ya miezi 3 hadi 6. Saratani iliyorudi kwenye ini ikiwa kidoa kimoja bado inaweza kukatwa na mtu akaishi. Ikigunduliwa kwa macho kuwa ya manjano, mara nyingi nafasi hiyo imepita.

Na hayo yote hayafikii uzito wa hatua ambayo mtu alikuja nayo. Saratani ikiwa bado imo ndani ya ukuta wa utumbo, zaidi ya watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5 kwa takwimu za Marekani. Ikishafika ini au mapafu, hawafiki 2. Damu kwenye choo haiishii kwenye bawasiri. Mtu wa miaka 50 anayenunua dawa ya bawasiri Marikiti mara ya tatu kwa mwaka mmoja, na mwanamume yeyote mwenye upungufu wa damu usio na sababu, wanahitaji kolonoskopi kabla ya kuongezewa vidonge vya madini ya chuma. Saratani ya upande wa kulia mara nyingi haitoi damu ya kuonekana. Humaliza damu polepole mpaka mtu akapanda ngazi akihema.

Ombi letu kwa hospitali za Pwani, za umma na za binafsi, ni kwamba zichapishe kila mwaka tarakimu zao: upasuaji wa utumbo mpana mara ngapi kwa matundu, mara ngapi uligeuzwa, maungio mangapi yalivuja, wangapi walifariki ndani ya siku 30, wastani wa tezi zilizohesabiwa, na wangapi walianza kemo kabla ya wiki ya 8. Tafiti nyingi za nje hazikumruhusu mpasuaji ashiriki kabla ya kufanya angalau 20 za aina hii, kwa hiyo si utovu wa adabu mgonjwa kumuuliza daktari wake amefanya ngapi. Kwa sasa, wakati tarakimu hizo hazijachapishwa, mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani adai nakala ya ripoti ya upasuaji, na majibu ya patholojia yakitoka achukue nakala yake pia, azipige picha kwa simu na kuzituma kwa ndugu wawili. Faili hupotea baina ya hospitali moja na nyingine, na daktari wa kemo asiyejua tezi ngapi zilihesabiwa hulazimika kukisia.

Ni sisi,
Madaktari na wauguzi wa upasuaji wa tumbo,
Mombasa